See How They Run: Mauaji Nyuma ya Pazia, London ya 1953

Niliitazama See How They Run mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, usiku, na niliifurahia kama mtu anavyofurahia kitendawili kizuri: nilimkisia muuaji mapema, nikakosea, nikazima taa nikalala. Mara ya pili nilikuwa Tanga, nyumbani kwa shangazi yangu, yeye amekaa mkekani akipepeta mchele, mimi nimeweka kompyuta juu ya kigoda ili sote tuone, na kwa kuwa huduma ninayoilipia ya kutazama filamu mtandaoni haina maandishi ya Kiswahili, ilinibidi nitafsiri sentensi kwa sentensi. Anayetafsiri hawezi kupitiwa, kwa sababu kila neno linapita mkononi mwake na analijua uzito wake. Ndiyo maana uhakiki huu unatokana zaidi na ile mara ya pili, na hasa na swali ambalo shangazi aliuliza filamu ikikaribia kwisha, ambalo nitalifikia mahali pake.

Filamu hii ni ya mwaka 2022, ina dakika 98, imeongozwa na Tom George kwa mswada wa Mark Chappell, na imetolewa na Searchlight Pictures. Inasimulia mauaji yanayotokea London mwaka 1953 katika eneo la kumbi za maonyesho linaloitwa West End, usiku ambao waigizaji na wakubwa wao wanasherehekea onyesho la 100 la The Mousetrap, mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za mauaji. Mchezo huo si wa kubuni. Ulifunguliwa London tarehe 25 Novemba 1952 katika ukumbi wa Ambassadors, ukahamia ukumbi jirani wa St Martin's mwaka 1974, na ukiacha kipindi cha korona, uliposimama Machi 2020 na kurudi Mei 2021, umeendelea kuonyeshwa. Hakuna mchezo mwingine uliokaa jukwaani muda mrefu kiasi hicho. Kwa hiyo filamu imechukua mchezo wa kweli na watu kadhaa waliokuwapo kweli, kisha ikashona ndani yake mauaji ambayo hayakutokea, na uzuri wake pamoja na udhaifu wake vyote vinaonekana kwenye mshono huo.

Anayeuawa ni Leo Köpernick, mwongozaji wa filamu kutoka Marekani, anayeigizwa na Adrien Brody. Amekuja London kuugeuza mchezo kuwa filamu, na kwa muda mfupi tu amekosana na karibu kila mtu: mwandishi Mervyn Cocker-Norris, ambaye hakubaliani naye jinsi hadithi inavyopaswa kusimuliwa, mtayarishaji John Woolf, ambaye siri zake za ndoa Köpernick anazijua, na Richard Attenborough, nyota wa mchezo, ambaye anapigana naye katikati ya sherehe kwa sababu ya mkewe Sheila Sim, hadi keki inaharibika. Köpernick anakwenda kwenye chumba cha maleba kubadilisha suti iliyochafuka, na humo ndimo anamouawa. Maiti inakutwa jukwaani, ndani ya mapambo ya mchezo, kana kwamba naye amepewa nafasi ya kuigiza. Msimulizi wetu ni huyohuyo marehemu, na tangu mwanzo anatuambia kwa dharau kwamba hadithi za namna hii zote ni moja, kwamba mtu asiyependeka kuliko wote ndiye huuawa kwanza. Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla, tukimfuata Bwana Msa na kiko chake, tunazijua kanuni anazozidharau: maiti moja, watu wengi wenye sababu, mpelelezi anayesikiliza kuliko anavyosema, na siku ya kuwakusanya wote chumbani. Tunazipenda kwa sababu tunazijua, na filamu hii, pamoja na maneno yake yote ya kuzibeza, inazipenda pia.

Kilichonishika mimi kwanza ni upande wa nyuma wa jukwaa. Niliwahi kwa miaka michache kutunza maleba ya kikundi cha maigizo, na nakiri kwamba filamu inayoonyesha ukumbi kwa kuonyesha pazia na taa tu hainigusi, kwa sababu ukumbi halisi uko kule ambako mtazamaji hafiki. Chumba cha maleba ni mahali ambapo watu watano wanaweza kuning'inia kwenye msumari mmoja. Koti la hakimu liko juu ya gauni la bibi harusi, viatu vya mfalme vimewekwa ndani ya ndoo, kila nguo ina jina la mwigizaji limeshikizwa kwa pini ndani ya ukosi, na harufu iliyomo ni ya jasho la jana, poda na pasi ya moto. Usiku, onyesho likishakwisha na watu wakiwa nje wanacheka, ukiingia humo peke yako kuhesabu nguo unazihisi zimesimama zinakutazama. Waliotengeneza filamu hii wanakijua chumba hicho. Wamelipeleka tukio lao la kwanza la kutisha mahali ambapo mtu amezungukwa na watu wasio na miili, na hawakuhitaji kulieleza jambo hilo kwa neno hata moja. Ilipopigwa picha mwaka 2021 kumbi za London zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na nadhani ukimya huo umeingia kwenye filamu. Viti vitupu vinavyoonekana nyuma ya wapelelezi wakati wanahoji mashahidi jukwaani vina huzuni ambayo haikuandikwa kwenye mswada.

Kuna jambo jingine kuhusu ile keki ambalo nilipenda sana, ingawa sijui kama watazamaji wengi wataliona. Ukihesabu maonyesho 8 kwa wiki tangu Novemba 25, onyesho la 100 linaangukia karibu na katikati ya Februari 1953. Wakati huo Waingereza bado walikuwa wanakula kwa kadi za mgao zilizobaki tangu vita. Peremende ndiyo kwanza zilitolewa kwenye mgao mwezi huohuo wa Februari, sukari ilisubiri hadi Septemba, na nyama hadi Julai 1954. Keki kubwa ya sherehe katika mji kama huo ni sukari ya watu wengi iliyokusanywa mahali pamoja, na wanaume wawili waliovaa vizuri wanaiangukia kwa sababu ya wivu. Filamu hailisemi hili. Inaiacha keki ivunjike, inaendelea na kazi yake, na mwenye kuujua mwaka huo ataelewa ni watu wa aina gani tunaotakiwa kuwahurumia au kutowahurumia. Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia yake ya kuupima mwaka huo. Elizabeth, ambaye alivikwa taji Juni 1953, alikuwa amepata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, Februari 1952, na mwaka huohuo wa 1952 Nairobi ilifunguliwa Kenya National Theatre, wakati nchi inaingizwa kwenye hali ya hatari. Filamu haitoki London wala haigusi mambo hayo, na siilaumu, lakini nilipokuwa nikitazama nguo zile za jioni na glasi zile sikuweza kuusahau upande wa pili wa kalenda.

Kesi inakabidhiwa kwa Inspekta Stoppard, anayeigizwa na Sam Rockwell, mtu mchovu, mlevi, mwenye jeraha la vita na jeraha jingine la nyumbani ambalo hapendi kulizungumzia. Jina lake ni heshima kwa Tom Stoppard, mwandishi ambaye mwaka 1968 alileta jukwaani mchezo wake wa kuutania huuhuu wa Christie. Pembeni yake amewekwa Konstebo Stalker, anayeigizwa na Saoirse Ronan, askari mgeni kazini, anayeandika kila anachoambiwa kwenye kijitabu chake na ambaye kila baada ya mahojiano yuko tayari kutangaza kwamba muuaji amepatikana. Ronan ndiye anayeibeba filamu. Tazama namna anavyoshika kalamu: anaiinua kabla shahidi hajamaliza, anaishusha akigundua kwamba alichosikia si cha kuandika, kisha anaandika hivyohivyo. Shangazi, ambaye hakuwa anaelewa Kiingereza chake, alimwelewa kabla sijatafsiri. «Huyu binti ana haraka,» alisema, «lakini amelelewa.» Rockwell naye anafanya kazi ngumu zaidi, ya kuigiza mtu aliyezimika bila kuizima filamu, na kwa sehemu kubwa anafaulu, ingawa kuna nyakati katikati ambapo uzito wake unapungua na anabaki kuwa koti refu na kofia.

Wengine hawakupewa nafasi ya kutosha. Ruth Wilson, anayeigiza Petula Spencer, bibi anayeusimamia mchezo, ana sauti na macho ya kubeba filamu nzima, lakini amepewa maagizo ya kutoa na simu za kupokea. Harris Dickinson anamwigiza Attenborough kwa heshima na ucheshi. David Oyelowo, ambaye watazamaji wa Uganda wanamkumbuka kwa nafasi ya mwalimu wa sataranji katika filamu ya Queen of Katwe, anamwigiza Mervyn kama mtu anayejisikia mwenyewe anapozungumza, na kila anapotokea filamu inachangamka. Ni yeye anayelalamika kwamba mbinu rejeshi, ile ya kurudi nyuma kuonyesha yaliyopita, ni uvivu wa waandishi, kwamba inakata mtiririko wa hadithi, katika mazungumzo ambayo sisi wenyewe tunayaona kwa mbinu hiyohiyo, na ni yeye anayeonya kwamba baadaye yatakuja maandishi yanayosema «wiki tatu baadaye». Maandishi hayo yanatokea papo hapo. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mzaha huo hautavuka kuingia Kiswahili, lakini ulivuka bila tatizo, na ungo wa mchele ulitulia kwa muda shangazi akicheka. Mizaha inayotegemea maneno ndiyo iliyokufa mikononi mwangu, nayo ni mingi. Mtu anayetazama bila kukielewa Kiingereza vizuri atapoteza labda robo ya ucheshi wa filamu hii, na ni haki ajue hilo kabla hajatoa fedha yake.

Kosa lake kubwa la kiufundi ni kwamba haitulii. Mara skrini imegawanywa vipande viwili au vitatu, mara msimulizi anaingilia kati kutukumbusha kwamba anajua tunachokifikiria. Kwa dakika 30 za mwanzo ujanja huu unaburudisha, kisha unaanza kuwa kama mwenyeji anayekuuliza kila baada ya tonge kama chakula ni kitamu. Taharuki inahitaji kuachwa. Mtazamaji akishaambiwa mara nyingi mno kwamba yote ni mchezo, anaacha kuogopa, na hadithi ya mauaji ambayo haiogopeshi hata kidogo inamnyima mtazamaji kile alichokuja kukitafuta.

Kisha kuna Lucian Msamati. Jina hilo lilipopita kwenye orodha ya waigizaji nilisimamisha filamu nikamwonyesha shangazi, naye akalisoma kwa sauti, Msamati, kama mtu anavyolisoma jina la jirani kwenye gazeti. Wazazi wake ni Watanzania. Yeye alizaliwa Uingereza, akakulia Zimbabwe, akaanzisha pamoja na wenzake kikundi cha maigizo Harare, na mwaka 2015 akawa mwigizaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi ya Iago, yule mwovu wa Othello, katika Royal Shakespeare Company, kampuni ya Uingereza inayoigiza michezo ya Shakespeare. Hapa anamwigiza Max Mallowan, mume wa Agatha Christie, ambaye katika maisha halisi alikuwa mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Nimrud, Iraki. Nafasi ni fupi na inakuja sehemu ya mwisho, nyumbani kwa Christie, theluji ikiwa imetanda nje. Nilitamani ingekuwa ndefu zaidi, na sisemi hivyo kwa sababu ya jina. Msamati ana utulivu ambao filamu hii inauhitaji kuliko kitu kingine chochote. Anapoingia chumbani na kuwapokea wageni ambao hakuwaalika, kasi yote ile ya kujionyesha inashuka, na kwa dakika chache unapata hisia kwamba kuna nyumba halisi na watu halisi ambao huenda wakaumizwa.

Anayetaka kuingia kwenye filamu bila kujua chochote aruke aya tatu zinazofuata. Sitamtaja muuaji, kwa sababu ni desturi ya The Mousetrap yenyewe kwamba kila usiku, mchezo ukimalizika, hadhira inaombwa iondoke na siri hiyo, na desturi hiyo ni nzuri. Lakini siwezi kuihakiki filamu hii kwa uaminifu bila kueleza mchezo ulitoka wapi.

Tarehe 9 Januari 1945, katika shamba moja karibu na kijiji cha Minsterley, wilaya ya Shropshire, alifariki mtoto aitwaye Dennis O'Neill. Alikuwa na miaka 12. Serikali ya mtaa ilikuwa imemwondoa kwa wazazi wake na kumkabidhi, pamoja na mdogo wake Terence, kwa mume na mke waliokuwa wakilipwa kuwalea. Walimnyima chakula na kumpiga hadi akafa. Mume alihukumiwa kifungo cha miaka 6, mke miezi 6, na kilio cha umma kilichofuata kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma uchunguzi na hatimaye sheria ya watoto ya mwaka 1948 nchini Uingereza. Baada ya kifo hicho, BBC ilimwomba Christie mchezo mfupi wa redio kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Malkia Mary, aliyekuwa anatimiza miaka 80, na Christie, akiwa na kisa cha watoto wale akilini, akaandika hadithi ya kisasi kilichozaliwa katika shamba la mateso. Ulitangazwa tarehe 30 Mei 1947. Mchezo huo mfupi ndio uliokua ukawa The Mousetrap, na haki zake Christie akampa mjukuu wake Mathew alipotimiza miaka 9. Hivyo kisa cha mtoto aliyekufa kwa njaa na kipigo kilizaa zawadi mbili za siku ya kuzaliwa, moja ya malkia mzee na moja ya mtoto aliyependwa. Simlaumu Christie. Mwandishi huchota maji palipo na maji, na mchezo wake, ukiusoma kwa makini, unawahurumia watoto hao kuliko watu wanavyoukumbuka. Hata hivyo, ukishaziona zawadi hizo mbili zimewekwa pamoja huwezi tena kuutazama mchezo kwa macho yaleyale.

Nilipokuwa nikimtafsiria shangazi, sehemu ya mwisho ilifika ambapo jambo hili linatamkwa waziwazi. Sitasema linatamkwa na nani. Linatamkwa haraka, kwa hasira, watu wakiwa wamejaa chumbani na silaha iko wazi, na mara moja filamu inarudi kwenye vurugu na vichekesho vyake. Mimi nami, nikikimbizana na maneno, nililiruka. Nikatafsiri kilichofuata, kwa sababu kilichofuata kilikuwa na mzaha. Shangazi aliona uso wa msemaji, akauliza, «Huyo amesema nini, mwanangu? Mbona amelia?» Nikasimamisha filamu, nikamweleza habari yote, ya shambani na ya redio na ya jukwaani. Akanyamaza kwa muda, mkono wake umebaki ndani ya mchele. Kisha akauliza, «Na mtoto mwenyewe, katika hao wote waliokula keki, nani alimlilia?»

Sikuwa na jibu, na filamu pia haina. Huo ndio uamuzi wangu juu yake: ina ujasiri wa kulileta swali hilo mlangoni, jambo ambalo sikulitegemea kabisa katika filamu ya kuchekesha, na haina ujasiri wa kulikaribisha ndani. Waswahili husema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na sijui methali nyingine inayoeleza vizuri kiasi hicho mchezo wenye jina hilo. Jina lenyewe limetoka kwa Shakespeare. Hamlet ndiye anayeuita hivyo mchezo anaouweka mbele ya mfalme ili kuinasa dhamiri yake, mchezo ndani ya mchezo, na mfalme ananaswa kweli, anainuka na kutaka taa. See How They Run imetega mtego uleule kwa watazamaji wa hadithi za mauaji. Kwa dakika 80 tumecheka maiti ikiburutwa. Ghafla tunaulizwa kama tunajua tunacheka msiba wa nani. Tungeachwa hapo kwa dakika 5 tu, kimya, pasipo skrini kugawanywa, ingekuwa filamu kubwa. Badala yake mtego unafyatuka na kufunguliwa papo hapo, na kila mtu anaondoka na mkia wake.

Waliorukia hapa wasiwe na wasiwasi. Fumbo lenyewe limefungwa vizuri, dalili zote zimewekwa wazi kwa anayetazama kwa makini, na ukirudi mara ya pili utaona kwamba mtu anayehusika alikuwa mbele yako tangu mapema. Kwa upande wa historia, mengi ni sahihi na machache yamepindishwa kwa makusudi. Attenborough na Sheila Sim kweli ndio walioufungua mchezo London, Attenborough akiwa Sajini Trotter. Walikubali kuchukua sehemu ya faida, na miaka mingi baadaye Attenborough aliuza sehemu iliyobaki ili kuiokoa filamu yake ya Gandhi, iliyotoka mwaka 1982. John Woolf kweli alikuwa mtayarishaji mkubwa, miongoni mwa walioleta filamu ya The African Queen, ambayo kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani na sehemu yake ikapigwa picha Kongo na Uganda. Kipengele cha mkataba ambacho wahusika wanakigombania, kwamba filamu haiwezi kutengenezwa hadi miezi 6 ipite tangu mchezo kufungwa London, kipo kweli, na kwa kuwa mchezo haujawahi kufungwa moja kwa moja, ukiacha kule kusimama kwa korona, filamu hiyo haijawahi kutengenezwa huko. Petula Spencer ni wa kubuni, kwani aliyeusimamia mchezo alikuwa Peter Saunders. Köpernick, Mervyn na wapelelezi wote wawili ni wa kubuni pia. Sioni ubaya katika kuchanganya namna hiyo, isipokuwa kwamba kijana atakayeitazama bila kuelezwa atatoka akiamini kwamba Agatha Christie aliwahi kushiriki katika tukio kama lile la mwisho, ambapo Shirley Henderson anamwigiza kwa mbwembwe zilizozidi kiasi.

Kwa anayejiuliza kama inafaa familia: kuna damu, si nyingi, na maneno machache makali, hakuna tendo la aibu la kumfanya mtu atafute rimoti mbele ya wakwe. Watoto wa shule ya msingi wataichoka kabla haijawatisha. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma fasihi, hasa wale wanaokaririshwa maana ya taharuki, mbinu rejeshi na mchezo ndani ya mchezo bila kuonyeshwa hata mfano mmoja unaotembea, watafaidika sana, na mwalimu mwenye projekta na muda wa vipindi viwili na nusu anaweza kuwafundisha kwa filamu hii zaidi ya anavyoweza kwa ubao. Vikundi vya maigizo navyo viitazame kwa ajili ya chumba kile cha maleba, na kwa ajili ya kuona kwamba mlinzi wa mlango, mshonaji na anayeonyesha watu viti ni watu wa mchezo sawa na anayesimama kwenye mwanga. Picha ni safi, rangi ni nyekundu na kahawia zinazokumbusha mahogani iliyong'arishwa, na muziki wa Daniel Pemberton, wenye ngoma nyingi, unastahili spika nzuri kuliko zile za kompyuta yangu.

Ningeipa nyota 3 na nusu kati ya 5, na ile nusu ni ya Ronan na Msamati kwa pamoja. Shangazi hakutaka kusikia habari ya nyota. Alipomaliza mchele aliniuliza tena jina la yule mtoto, nikamwambia, akalirudia vizuri, Dennis. Ameniomba tuitazame mara nyingine nikija Ijumaa, na kwamba tukifika pale pa mwisho nisimamishe mapema, nimtafsirie yote, hata kama wenyewe wanasema haraka.